Gemu Sio Pagale: Wazee wa Kuzindua, Waacheni Vijana Wamalize Kazi

Panda daladala mpaka Chamazi, siku nyingine nenda Chanika, siku nyingine zunguka mpaka Bunju. Kote huko utakutana na mapagale. Ukuta umeishia kwenye lenta, nondo zimechomoza juu zina kutu, chumba ambacho kingekuwa sebule kimeota mpapai na mpapai wenyewe umeshazaa. Mwenye nyumba hela ilimkatikia. Mtaani wanamtania kidogo halafu wanamwacha, kwa sababu kiwanja ni chake, tofali ni zake na hasara ni yake.

Sasa chukulia mtu huyohuyo alipita mtaani na mchoro wa jumba la ghorofa, akachukua kodi ya miezi sita kwa wapangaji ishirini, kisha akawaacha na mpapai. Hapo utani unakwisha. Hapo watu wanapelekana kwa mjumbe.

Kwenye dunia ya gemu za kompyuta na simu jambo hilo linafanyika mchana kweupe, na hapa Dar kuna watu wanataka kulileta kwa vijana wanaojifunza kutengeneza gemu, tena wanaliita fursa.

Chukua mfano wa timu ya vijana watatu. Mmoja yuko Mbagala, anaandika programu. Wa pili yuko Tandika, anachora. Wa tatu yuko Tegeta, anatengeneza sauti, na ndiye mwenye intaneti ya uhakika kwa sababu kazini kwake kuna waifai. Gemu yao ni ya kujenga kituo cha anga. Unaanza na chumba kimoja kinachoelea huko juu, nje hakuna hewa kabisa. Unaongeza paneli za sola, tanki la hewa, vitanda, jiko, chumba cha kutibia wagonjwa. Watu wanahamia. Kila mmoja anavuta hewa, anakula, anachoka, ananuna. Ukikosea ukatoboa ukuta, hewa inatoka na watu wanakufa. Mtu yeyote aliyewahi kupanga Manzese kwenye nyumba yenye luku moja na familia sita anaielewa gemu hii bila kufundishwa. Tofauti ni kwamba kule juu mwenzako akiacha pasi usiku kucha, asubuhi hamuamki.

Timu kama hiyo ikifika mwaka wa tatu, gemu inachezeka lakini haijaisha. Hapo ndipo wanapojitokeza watu wa aina tatu. Mjini wanajulikana, majina yao hayana haja ya kutajwa.

MZEE WA KUZINDUA

Huyu ana suti ya bluu na vitambulisho vinne shingoni. Kila mashindano ya ubunifu yeye ni jaji, ingawa hajawahi kucheza gemu hata moja ikaisha. Akionyeshwa kile kituo cha anga dakika mbili kwenye simu, anaruka: "Hii ni bomu! Mwezi ujao tunazindua. Tukodi ukumbi, tuite waandishi, tuanze kuuza. Mengine mtamalizia mbele ya safari." Chawa wake wanapiga makofi. Wiki mbili baadaye picha ziko Instagram, yeye yuko katikati anacheka, vijana wako pembeni na mmoja kakatwa nusu uso.

Hiyo "mbele ya safari" kuna watu walishaifuata, tena wenye nguvu kuliko timu yoyote ya Mbagala.

Double Fine ni studio ya San Francisco, Marekani. Mwanzilishi wake Tim Schafer ana jina kwenye gemu tangu miaka ya 1990. Mwaka 2012 mashabiki walimchangia zaidi ya dola milioni 3.3 kupitia Kickstarter kwa ajili ya gemu nyingine, kwa hiyo imani ya watu ilikuwepo ya kumwaga. Mwishoni mwa mwaka huohuo studio ikabuni Spacebase DF-9. Gemu ya kujenga kituo cha anga, vyumba, hewa, watu wenye tabia zao. Oktoba 2013 wakaanza kuiuza kwenye duka la Steam ikiwa bado inajengwa, kwa karibu dola 25. Wawekezaji waliokuwa wametoa dola 400,000 walirudishiwa hela yao ndani ya wiki mbili. Wiki mbili tu! Mzee wa Kuzindua angekodi ukumbi wa pili.

Studio ikaweka hadharani orodha ndefu ya mambo ambayo huenda yangekuja. Watu wakalipa huku wanasoma orodha. Kisha mauzo yakapoa. Septemba 2014 wakatangaza kwamba wanafunga kazi, na mwezi uliofuata likatoka toleo namba 1.0, sehemu kubwa ya ile orodha ikiwa haipo. Schafer alieleza kwamba hela iliyokuwa inaingia haikutosha kulipia gharama za kuendelea. Namba 1.0 kwenye gemu ndiyo inayomwambia mteja kuwa nyumba imeisha, ingia. Pale ilibandikwa kama kibao cha "Karibu" kwenye mlango wa pagale.

Haki yao wapewe. Hawakuiba. Walisema tangu mwanzo kuwa gemu haijakamilika, na walipoondoka waliacha sehemu kubwa ya maandishi ya programu wazi ili mashabiki wajiendelezee wenyewe. Wengi hata hilo hawafanyi. Lakini angalia kilichowaua, maana ndicho kitakachowaua vijana wa Mbagala kama watamsikiliza yule mzee. Watu wanaoitaka gemu yako kuliko wote ndio wanaonunua siku za mwanzo. Ukiwauzia kitu nusu, hela yao unaitumia kujenga nusu ya pili, na siku nyumba inapoisha hao wanunuzi hawapo tena kwenye foleni, walishalipa. Wapya nao wanasikia tu malalamiko ya wale wa kwanza. Umebaki na deni la ahadi na hakuna anayeleta hela. Kodi ya miezi sita imeliwa, na bati halijapanda.

WALIOMALIZA WALIFANYAJE?

Kuna watakaosema bila hela ya mapema gemu haitengenezeki, maana hakuna benki itakayomkopesha kijana wa Tandika kwa dhamana ya kituo cha anga. Hoja ni ya kweli. Na Dar nzima inajua kuhamia nyumba ambayo haijaisha sio dhambi. Nusu ya familia za pembezoni zilihamia boma: plasta bado, madirisha yamezibwa kwa mabati, choo cha nje. Wanaishi, na kila bonasi inaongeza chumba. Siri ni kwamba siku ya kuhamia kulikuwa na chumba kimoja ambacho mvua haiingii.

Kerbal Space Program ilijengwa hivyohivyo. Ilitoka Mexico City, kwenye kampuni ya Squad, ambayo kazi yake ilikuwa masoko na matangazo, haikuwa hata studio ya gemu. Mfanyakazi wao mmoja, Felipe Falanghe, alikuwa anataka kuondoka akatengeneze gemu ya roketi, mabosi wakamruhusu aitengeneze hapohapo. Juni 2011 likatoka toleo la kwanza la wazi, dogo na la bure. Unaunda roketi, unairusha, inaanguka, unacheka, unarusha tena. Hicho kilikuwa chumba kimoja kisichovuja. Wakaanza kuuza, wakaongeza kitu baada ya kitu, mpaka wachezaji wakaweza kuunganisha vyombo huko angani na kujenga vituo vyao. Toleo la 1.0 likatoka Aprili 2015. Karibu miaka minne.

Sasa sikia kichekesho. Gemu hiyo ilikuja kumilikiwa na Take-Two, moja ya kampuni kubwa kabisa za gemu duniani. Februari 2023 wakaanza kuuza Kerbal Space Program 2 kwa dola 50 ikiwa haijakamilika. Makoloni angani? Yanakuja. Kucheza wengi kwa pamoja? Inakuja. Mwaka 2024 studio ya Seattle iliyokuwa inaitengeneza ikafungwa, na yote yaliyokuwa yanakuja yakaishia njiani. Wafanyakazi wa kampuni ya matangazo walimaliza, mabilionea wakashindwa. Hela peke yake haimalizi kitu.

RimWorld nayo, ambayo kazi yake ni kuwatunza manusura wa chombo kilichoanguka mpaka waunde chombo kingine, ilianza kuchangiwa Oktoba 2013. Tynan Sylvester aliomba dola za Kanada 20,000 akapata zaidi ya 260,000. Toleo la 1.0 likatoka Oktoba 2018. Miaka mitano! Hapa Bongo angeshaitwa tapeli mara hamsini, lakini watu waliolipa mapema muda wote walikuwa na gemu inayochezeka mkononi.

Na kwa wanaodhani hayo ni ya Wazungu na Wamexico tu, Kiro'o Games iko Yaoundé, Kameruni, ambako kukatika kwa umeme hakuhitaji kuelezwa kwa mtu wa Dar. Walitoa gemu yao ya kompyuta, Aurion, Aprili 2016, baada ya kuchangiwa na watu kupitia Kickstarter. Gemu inaanza, inaendelea, inafika mwisho. Pagale halina mwisho.

MZEE WA MBONA HAKUNA

Wa pili ni yule wa kwenye kibanda cha PS pale kona. Timu ikionyesha kazi yake, yeye ana maswali. Mbona hakuna kucheza wengi? Mbona hakuna vita? Mbona picha za kizamani? Mbona hata mbwa hakuna?

Haya, tuanze na mbwa. Kwenye gemu ya kituo cha anga kila kitu kimeshikana na kila kitu. Mbwa akiingia lazima avute hewa, kwa hiyo hesabu ya hewa inabadilika. Lazima ale, apate pa kulala, apite milangoni bila kukwama, aogope moto, afe ukuta ukitoboka. Mwenye mbwa lazima ahuzunike. Mchezaji akihifadhi mchezo usiku, asubuhi mbwa awe palepale na njaa yake ileile. Mbwa mmoja anaweza kula wiki nzima ya vijana watatu, na bado siku ya kwanza atapita ukutani kama jini.

Ndiyo maana kumaliza ni kupunguza. Timu inakaa chini na orodha ya mambo arobaini, inakata thelathini, inabaki na kumi ambayo yatafanya kazi kweli. Inauma kuliko kuandika programu yenyewe, kwa sababu kila kinachokatwa kuna mtu alikiota usiku. Kisha inafuata kazi isiyopigwa picha. Kuijaribu gemu kwenye simu ya bei ndogo yenye nafasi imejaa. Kuhakikisha umeme au chaji ikikata katikati, kituo cha mtu hakipotei. Kumfundisha mchezaji mpya bila kumwekea maelezo kurasa tano. Kuandika Kiswahili kinachoeleweka, sio kile cha kutafsiriwa na mashine. Kutafuta kwa nini mlango namba tatu unagoma kufunguka kila mtu wa saba akihamia. Hakuna mwandishi wa habari anayeitwa kuja kushuhudia mlango namba tatu.

Anayemtukana kijana kwa kukata mbwa anamsukuma arudi kwa Mzee wa Kuzindua, maana kule kila kitu kinawezekana, hasa kwenye mabango.

MZEE WA ANGA NA MBAGALA WAPI NA WAPI

Wa tatu anajifanya mwenye busara. "Wadogo zangu, anga tuachieni Wamarekani. Tengenezeni gemu ya bodaboda."

Bodaboda ni wazo zuri, hakuna anayekataa, na mwenye nalo alifanye. Lakini huyo mzee arudi kidogo darasani. Tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, pwani ya Kenya. Ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Mei 2018 satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Desemba 2022 ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ikaachiwa kutoka kituo hichohicho. Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1. Majirani wawili vitu vyao vimeshapita kwenye kituo cha anga cha kweli, halafu mtu anashangaa kijana wa Mbagala kukichora cha kuchezea!

Mtoto wa Temeke hajazaliwa ili aote bodaboda tu.

NA WACHEZAJI WASIJIFICHE

Lawama zote zikiwaendea wazee watatu itakuwa uonevu. Mtaani ukisema unatengeneza gemu, swali la kwanza ni "ya kubeti?" Sio kosa la anayeuliza. Mastaa wanaopendwa mjini wanapokea hela kutangaza mikeka, kila siku mtu anaweka buku, anaweka buku mbili, jioni anachana karatasi na kesho anarudi. Mtu huyohuyo akiambiwa gemu ya vijana wa kwao ni buku tano, mara moja tu, ya kudumu, anajibu: "Hamna ya bure? Nirushie kwenye flashi."

Hebu hesabu. Kuweka gemu Steam unalipia dola 100 kwa kila gemu, na hurudishiwi mpaka mauzo yafike dola 1,000. Kujisajili kama mtengenezaji kwenye duka la Google ni dola 25 mara moja. Steam wanakata asilimia 30 ya mauzo. Gemu ya dola 5 inawaachia vijana dola 3.50 kabla ya kodi na makato mengine, wagawane watatu, kila mmoja dola moja na senti. Hapo kuna bando, luku, nauli ya kukutana Jumamosi na laptopu ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa zamani. Anayechukua kopi kwa flashi ameondoka na hiyo dola moja na senti.

Lakini kuna upande wa pili. Mchezaji wa Bongo ana haki ya kugoma kununua ahadi. Ameshauziwa nyingi: simu feki, viwanja vya watu wawili, tiketi za shoo ambayo msanii hakutokea. Akiuziwa na gemu isiyoisha, ya kwanza kutoka kwa vijana wa kwao, hatanunua ya pili. Hatanunua hata ya timu nyingine ambayo haikumkosea chochote. Mzee wa Kuzindua atahamia kwenye fursa mpya, mwaka huu drone, mwaka kesho akili mnemba. Watakaobaki na jina bovu ni wale watatu wa Mbagala, Tandika na Tegeta, na kila kijana atakayekuja nyuma yao na laptopu yake ya mtumba.

KWA HIYO

Vijana mnaotengeneza, malizeni kidogo kilicho kizima. Kituo cha vyumba sita kinachofanya kazi ni bora kuliko mji mzima angani unaokwama kwenye mlango namba tatu. Kama njaa inabana na lazima muuze mapema, uzeni kile mtu anachoweza kukicheza leo, kwa bei ya leo, na mseme wazi kuwa anachonunua ndicho hicho. Mkiongeza chumba kesho, kiwe zawadi. Kisiwe deni. Na msiweke hadharani orodha ya mambo ambayo hamjayajenga, kwa sababu mnayaita mawazo na mteja anayasoma kama mkataba.

Wazee wa Kuzindua, kama mapenzi yenu kwa vijana ni ya kweli, hela ya ukumbi na maji ya chupa iende kwenye betri ya laptopu na bando la miezi mitatu. Hakuna atakayewapiga picha mkifanya hivyo, na hapo ndipo itakapojulikana nani alikuwa anasaidia na nani alikuwa anatafuta kiki.

Na wewe mchezaji, siku gemu ya mtu wa mtaani kwako ikitoka imeisha, imekatwakatwa, haina mbwa, lakini mlango namba tatu unafunguka, toa buku tano bila kinyongo. Umeshachana mikeka mingapi?

Haya wadau, uwanja wenu hapo chini. Ipi bora, kuuza mapema ili hela ipatikane, au kukaa na njaa mpaka nyumba iishe? Tiririkeni kwa hoja, matusi hayajengi hata choo cha nje.